Jogoo Anaoga

Siku ya Ijumaa hapakuwa na mama mtaani Mabanzi aliyemvisha mtoto wake nguo anayoipenda. Watoto walipelekwa nasari kwa Mwalimu Virginia wakiwa wamevaa mashati makuukuu ya baba zao, nyuma mbele, vifungo mgongoni na mikono imekunjwa mara nne, hivi kwamba ukiwatazama kutoka barabarani ungedhani ni kundi la wazee wafupi waliopotea njia. Siku moja Osman, mwana wa Farah mwenye lori, alikuja na shati jipya la baba yake la sikukuu, kwa sababu dada yake alikosea kamba ya nguo. Farah alifika mwenyewe mchana, akalitazama lile shati, akamtazama Mwalimu, akaondoka bila kusema lolote. Farah alikuwa mtu wa maneno machache.

Mchezo wenyewe Virginia aliutoa kwenye semina ya siku kumi ya walimu wa nasari. Huko waliambiwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa viganja kabla ya kujifunza kwa kichwa, kwamba achoree nje penye hewa, na kwamba rangi haihitaji duka. Na kweli haikuhitaji. Udongo mwekundu ulichotwa barabarani. Makaa yalitwangwa. Bitiruti zilizolegea zilitoka kibandani kwa Kavetsa, muuza mboga, ambaye angezitupa hata hivyo. Bluu ya kufulia ilitoka dukani kwa Gerishon, mumewe Virginia, bila Gerishon kuambiwa. Vyote vilikorogwa kwa uji mwepesi ili vishike, vikamiminwa katika pakiti tupu za maziwa ya shule, zile za pembe tatu.

Karatasi ilikuwa mifuko ya simiti iliyopasuliwa. Kwa kuwa mfuko wa simiti ni wa kaki na rangi haionekani vizuri juu yake, Virginia aliipaka chokaa kwanza, akaianika, ndipo akaitandaza kwenye nyasi. Basi sheria ya nasari ikawa moja, na watoto waliiimba kila Ijumaa kabla ya kuchovya vidole.

"Tunachora mlangoni?" aliuliza Mwalimu.

"Hapana!"

"Tunamchora Cucu?"

"Hapana!"

"Tunachora wapi?"

"Palipopakwa chokaa!"

Cucu, yaani bibi mzee, aliyeepushwa na sheria hiyo alikuwa Waceke, mama yake Gerishon, aliyekaa juu ya kigoda chake mlangoni akifuma sweta na kuusikitikia ulimwengu. Yeye alisema amelea watoto saba bila kuwapaka matope, matope walijipaka wenyewe, na hakuna aliyelipa karo kwa ajili hiyo.

Virginia aliyavumilia maneno ya mama mkwe kwa sababu alikuwa na jambo kubwa zaidi la kumnyima raha. Nasari yake ya watoto ishirini na watatu ilikuwa haina barua. Ofisi ya elimu mjini ilitaka barua yenye muhuri wa Chifu kabla mwezi haujaisha, la sivyo mlango ufungwe. Alikuwa amekwenda kwa Chifu mara nne. Mara zote nne Chifu alimkaribisha vizuri, akamuuliza maendeleo ya Rael, binti yake yeye Chifu, ambaye alikuwa mwanafunzi wa nasari hiyohiyo, kisha akasema muhuri hauna wino.

Jumatatu moja Chifu alipita nyumba kwa nyumba, Opiyo askari wake akimfuata nyuma na daftari na filimbi. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja Eldoret kufungua maonyesho ya kilimo, na Jumamosi ya wiki iliyofuata angepita Mabanzi akielekea Kesses. Kwa hiyo kila ua unaotazama barabara upakwe chokaa, na kila shina la mti, na kila jiwe linaloonekana. Tena kila nyumba itoe kitu cha kumkaribisha mgeni. Hakusema kitu gani. Alisimama tu uani mwa mtu, akatembeza macho, na macho yakachagua.

Kwa Farah yalichagua beberu. Kwa Gerishon yalimchagua Bwana Shauri.

Bwana Shauri alikuwa jogoo wa Waceke, mwekundu kama udongo wa Timboroa, mkubwa, na mkiani alikuwa na unyoya mmoja mweupe uliosimama kombo. Waceke alimpa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake. Kila asubuhi aliuzunguka ua polepole, akisimama hapa na pale na kutikisa kichwa, kama bwana shauri wa zamani wa wakoloni anayekagua vyoo. Waceke alimpenda kuliko alivyowapenda wanawe wawili kati ya wale saba, na hakuficha ni wawili gani.

"Mama, huyu atawekwa mikononi mwa mgeni mwenyewe," Chifu alimwambia. "Unajua jogoo ni alama ya Chama. Watu wa magazeti watapiga picha."

Waceke aliuliza kama anaweza kumkabidhi kwa mikono yake. Aliambiwa kuna orodha. Basi akakata uzi wa buluu kutoka kwenye sweta aliyokuwa akifuma, akamfunga Bwana Shauri mguuni fundo tatu, asije akachanganyika na majogoo wa watu wengine. Gerishon alisema hiyo ni heshima kubwa kwa nyumba yake. Akasema tena. Jogoo alitoka uani chini ya kwapa la Opiyo, akitazama nyuma.

Virginia alijaribu bahati yake. "Chifu, na ile barua?"

"Mwalimu, wacha kwanza tumalize na mgeni."

Tangu siku hiyo Waceke hakuzungumza habari nyingine. Alifua kitambaa chake kizuri cha kichwa, akakipiga pasi, akakitundika msumarini. Alitaka siku ya Jumamosi asimame mbele kabisa, amwone Bwana Shauri akipanda cheo.

Wiki ya mgeni ilikuwa wiki ya herufi J. Jua, jembe, jiko, jogoo. Alhamisi Gerishon alifunga duka mapema, akaupaka chokaa ua wote wa mabanzi unaotazama barabara, hatua thelathini na tano. Ulikuwa ua wa mbao za pembeni zilizotupwa na viwanda vya mbao, zikaletwa na lori la Farah kutoka Timboroa, na haukuwa umewahi kuonja rangi. Alipomaliza alivuka barabara, akauangalia kwa mbali na mikono kiunoni. Uliipendeza roho yake. Mkewe alipomwomba chokaa ya kupaka karatasi za kesho, alimwambia imekwisha, huku nusu debe akiwa ameificha nyuma ya magunia ya unga.

Kwa hiyo Ijumaa saa nne asubuhi watoto walikuwa tayari, mashati nyuma mbele, pakiti za rangi mikononi, na karatasi ikawa hakuna. Virginia aliwaambia wasimame hapohapo wasubiri. Alikuwa anakwenda kuitafuta chokaa anayoijua iliko, ndipo Kavetsa akaingia uani na gauni la njano la mtoto wake mkononi.

Gauni lilikuwa na doa la zambarau kifuani. Kavetsa alitaka kujua bei ya gauni la kanisa ni nani atakayelipa. Virginia alitaka kujua gauni la kanisa lilikuja kufanya nini nasari Ijumaa iliyopita. Kavetsa akasema baba mtoto ana shati moja tu na alikuwa amelivaa. Virginia akasema bitiruti iliyotia doa ni ya kibanda cha Kavetsa mwenyewe. Kavetsa akasema yeye aliuza bitiruti iliwe, hakuuza ipigwe kifuani. Virginia akamkumbusha kwamba hakuiuza, aliitoa bure. Hapo Kavetsa alikaa chini juu ya beseni lililogeuzwa, jambo lililoonyesha kwamba hana haraka, na Waceke akasogeza kigoda karibu ili asipitwe na neno.

Virginia alipogeuka, uani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Hapakuwa na sauti pia. Kila mwalimu wa nasari anaujua ukimya ule, na kila mmoja huuogopa kuliko kilio.

Aliwakuta barabarani. Walikuwa wamejipanga kando ya ua kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila mmoja na sehemu yake, hakuna anayemsukuma mwenzake, wakichora kwa viganja, viwiko na mmoja kwa paji la uso. Walikuwa wametii sheria. Palipopakwa chokaa ndipo pa kuchora, na maishani mwao hawakuwahi kupakiwa chokaa nyingi namna ile. Kutoka ardhini hadi mahali mkono wa mtoto wa miaka mitano unapofika, ua ulikuwa umejaa majua yenye miguu, majembe, ng'ombe wa buluu na lori la Farah likitoa moshi. Na majogoo. Majogoo walikuwa wengi kwa sababu ya herufi.

Nasema kweli, kitu cha kwanza Virginia alichohisi hakikuwa hofu. Alifurahi. Hakuwa amewahi kuona watoto wamefanya kazi nzuri hivyo. Kisha akafika katikati ya ua, na furaha ikamkauka mdomoni.

Katikati palikuwa na jogoo mkubwa kuliko wote, mwekundu kwa bitiruti. Alikuwa ndani ya sufuria. Chini ya sufuria palikuwa na moto.

Siku zile mtu hakuhitaji kuelezwa. Jogoo alikuwa Chama, na Chama kilikuwa kimoja. Watu walikuwa wamelala korokoroni kwa kucheka mahali pasipofaa. Hapa palikuwa na jogoo anayechemshwa, kando ya barabara, siku moja kabla ya mgeni kupita.

Gerishon alitoka dukani, akaona, akarudi mbio ndani, akatoka na lile nusu debe la chokaa ambalo halikuwepo. Alikuwa ameshachovya ufagio, filimbi ikalia. Opiyo aliruka kutoka kwenye baiskeli kabla haijasimama.

"Usiguse," alisema. "Hiyo ni ushahidi."

Chifu alipofika alikuwa amevaa sare kamili, kofia na yote, maana alikuwa akifanya mazoezi ya kesho. Nyuma yake walikuja watu. Walitoka vibandani, walitoka kisimani, Dahabo mke wa Farah alitoka na mwiko mkononi, na Farah mwenyewe alisimamisha lori kando ya barabara, akabaki ndani, kiwiko dirishani.

Chifu alitembea mbele ya ua tangu mwanzo. Alipofika penye sufuria alisimama. Kisha akauliza kwa sauti ya chini ua huu ni wa nani.

Gerishon alivua kofia. "Chifu, mimi ni mpangaji tu. Ua ni wa mwenye ploti."

Virginia alimsikia. Waliishi pamoja miaka kumi na mmoja, alimzalia watoto watatu, na sasa mume alikuwa anajitoa kwenye ua alioupaka jana kwa mkono wake. Aliona aibu kuliko alivyoona hofu, na aibu hiyo ndiyo iliyomsogeza mbele.

"Watoto ni wangu, Chifu. Nimewafunza mimi."

"Umewafunza kupika jogoo?"

"Nimewafunza herufi."

Chifu alisema uchochezi nao huanza na herufi. Alisema nasari isiyo na barua ni mkutano usio na kibali. Alisema mwalimu atapanda naye mpaka ofisini na huko ataeleza vizuri ni nani aliyemtuma, lakini kwanza anataka kujua ni mkono gani uliochora picha hii. Opiyo alifungua daftari na kulamba ncha ya penseli.

"Nani amechora hii?" Chifu akawauliza watoto.

Mikono ishirini na mitatu ikapanda juu.

Hawakuwa wanamlinda mtu. Ilikuwa ndiyo picha nzuri kuliko zote, na kila mmoja aliitaka. Mmoja alisema ni yake kwa sababu ndiye aliyeshika pakiti. Mwingine alisema ameota akiichora. Mtoto wa Kavetsa alisema ni yeye, na nyumbani wana sufuria kubwa zaidi ambayo baba huweka ile pombe ya kuficha chini ya kitanda. Kavetsa akalikumbuka ghafla gauni la njano, akaanza kulikunja vizuri sana. Opiyo aliandika majina tisa, akafuta manne, akamwangalia Chifu kwa huruma.

"Moto ni wangu," alisema Osman kwa uwazi. "Kuku si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya Rael."

Watoto walijitenga, na Rael binti ya Chifu akasogea mbele. Alikuwa na rangi hadi masikioni. Alikuwa amevaa shati kuukuu la kaki la baba yake, nyuma mbele, na vile vitanzi vya mabegani ambapo vyeo huvalishwa vikimning'inia viwikoni. Hakuogopa hata kidogo. Alikuwa msanii aliyeitwa aeleze kazi yake.

"Ni mimi, Baba. Osman amechora moto tu, na ameuchora mbaya. Huyu ni yule jogoo wa Jumapili. Hii ni sufuria ya Mama. Hizi ni vitunguu. Huyu ni Mama anaonja mchuzi." Kidole chake cha zambarau kilihamia kwa mtu mrefu mwenye kofia, aliyekuwa na meno mengi. "Huyu ni wewe. Unasema mgeni hatajua."

Ndani ya lori la Farah kitu kilikohoa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata siku hiyo ilikuwa na miaka mitano. Virginia aliyeelewa kabla ya wengine alitamani ardhi immeze yeye na mtoto pamoja, kwa maana mtu mkubwa akiaibika mbele ya watu wadogo, wadogo ndio hulipa. Alimvuta Rael karibu yake na kumshika mabega.

Lakini Waceke alikuwa ameinuka. Alikuja polepole, sweta kwapani na sindano zake za kufuma zikitokeza mbele, watu wakampisha. Aliinama mbele ya sufuria mpaka pua ikakaribia kugusa ua. Mkiani mwa jogoo mchoraji alikuwa ameacha chokaa bila kuipaka rangi, unyoya mmoja mweupe, kombo. Mguu ulikuwa umetokeza nje ya sufuria, na mguuni palikuwa na alama ya buluu. Fundo tatu. Mtoto alikuwa amezihesabu.

Waceke alipojinyoosha macho yalikuwa yamejaa maji, na mimi sitamcheka, maana alikuwa amekipiga pasi kile kitambaa bure.

"Hii ni Bwana Shauri," alisema.

Akamgeukia Chifu.

"Chifu, mimi ni mama mzee, sijui mambo ya serikali. Ulisema kuku yangu inaenda kwa mgeni. Mgeni anakuja kesho. Sasa mimi nauliza, hii kuku inafanya nini kwa sufuria?"

Watu walitazama viatu vyao, na wasio na viatu walitazama vya wengine. Opiyo alikuwa na penseli hewani. Chifu alilegeza ukosi wa sare kwa kidole. Alimtazama mwanawe, akamtazama mama mzee, akatazama ule umati ambao kila mmoja wake alikuwa ametoa kitu, huyu beberu, huyu mayai, huyu gunia la viazi, na wote walikuwa wameanza kufikiri.

"Anaoga," alisema Chifu.

"Anaoga?" aliuliza Waceke.

"Jogoo anaoga. Anajitayarisha kumpokea mgeni. Mtoto amechora vizuri sana. Hata wewe Mwalimu umefunza vizuri. Usafi ni jambo la maana." Sauti yake ilikuwa inapata nguvu kadiri alivyoendelea. "Opiyo, andika. Jogoo anaoga maji moto."

Opiyo aliandika. Alikuwa mtu mwaminifu kazini, na uaminifu ulimfanya ainue kichwa tena. "Na hizi vitunguu, Afande?"

"Ni sabuni."

"Sabuni," Opiyo aliandika. "Saba."

Hapakuwa na aliyecheka. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote zilizofanyika Mabanzi mwaka ule. Dahabo aliuma mwiko. Kavetsa alizika uso ndani ya gauni la njano. Virginia aliyakaza macho kwenye vifungo vya mgongo wa Rael, akavihesabu kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu.

Waceke peke yake hakuwa na haja ya kucheka. Alikuwa anafikiri. "Sawa," alisema mwishowe. "Maji moto ni mazuri. Basi ikimaliza kuoga, irudi nyumbani."

Chifu alisema itarudi.

"Na mwalimu, Chifu?" Opiyo aliuliza. "Nimfunge?"

"Umfunge kwa nini? Kwa kuogesha kuku?"

Gerishon alipaka ua upya mchana ule mara mbili. Virginia hakumsaidia. Alileta chai, akaiweka juu ya jiwe, akamwambia ua ni wa mwenye ploti, lakini chai ni yake, anywe. Gerishon alipaka bila kuinua macho. Baada ya muda akasema aliogopa. Virginia akamjibu kwamba hata yeye aliogopa, ila hakukumbuka kuukana ua.

Wasiowahi kupika bitiruti hawaijui tabia yake. Bitiruti haizikwi. Jumamosi asubuhi, chokaa ilipokauka vizuri na jua likapanda, ua ulikuwa mweupe, lakini katikati palikuwa na jogoo wa waridi, hafifu, aliyetulia ndani ya sufuria yake. Gerishon alipaka tena. Jogoo akasubiri chokaa ikauke, akarudi.

Hapakuwa na muda wa kupaka mara ya nne. Watu walikuwa wamejipanga, watoto wa nasari wakiwa na matawi mikononi, safari hii katika nguo zao za Jumapili. Chifu alikuja mbio, akaona, akafanya jambo ambalo lazima tumsifu kwalo. Alisimama mbele ya jogoo, akampa mgongo, akaegemea ua kabisa, mikono ameipanua kidogo, akabaki hivyo saa mbili kwenye jua akitabasamu kwa barabara tupu. Waceke alisimama karibu naye na kitambaa chake kichwani. Alikuwa anafuma.

Mgeni alipita saa saba. Magari yalikuwa kumi na manne, yote vioo vimefungwa, na yalipita kwa kasi iliyopeperusha kofia ya Opiyo. Kama kuna aliyeuona ua wa Gerishon, aliuona kama mtu anavyouona umeme. Vumbi jekundu lilipanda, likakaa juu ya chokaa yote ya Mabanzi, juu ya mawe na miti, na kazi ya wiki nzima ikawa haipo.

Chifu alijifuta uso, akasema mgeni amefurahi sana, akawageukia watu kuwaaga. Akaanza kupanda barabara kuelekea ofisini. Mgongoni mwa sare yake palikuwa peupe kwa chokaa kutoka begani hadi kiunoni, na katikati ya weupe huo, waridi, amegeukia upande wa pili, palikuwa na jogoo. Rael ndiye aliyeona kwanza. Alimshika Mwalimu mkono, akamwonyesha, na Virginia alishindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, na Gerishon aliyesimama kando yake alicheka mpaka akamshika bega ili asianguke, naye Virginia hakuutoa ule mkono.

Jumatatu Opiyo alileta kikapu. Ndani palikuwa na barua yenye muhuri, wino umejaa mpaka umemwagika pembeni, na jogoo mmoja mwembamba mweusi. Waceke alimgeuza huku na huku, akamkagua mguu. Alisema kuoga kumemkondesha Bwana Shauri sana, na tena kumembadilisha rangi, lakini alituma shukrani kwa Chifu, kupitia kwa Opiyo, na akaomba sabuni hiyo asimpe mtu mwingine.

Virginia aliisoma barua mara tatu, akaifunga kwa nailoni, akaipigilia ukutani. Alikuwa bado na nyundo mkononi lori liliposimama nje. Farah alishuka. Aliingia uani, akaangalia mifuko ya simiti iliyoanikwa, akaangalia ubao ambao Mwalimu alikuwa ameandika K kubwa ya wiki hiyo. Chini ya kwapa alikuwa na debe zima la chokaa, nalo aliliweka chini polepole mbele ya miguu ya Mwalimu.

"Mwalimu," alisema Farah, "herufi ya mbuzi mtafika lini?"